Miguu ya Doto

Mtu anayeugua bila pacha ana bahati moja: hajui angekuwaje kama asingeugua. Mimi nilijua. Nilimwona kila jioni akiingia wodini na kapu la chakula kichwani, shingo imenyooka, miguu imejaa, anasalimia wagonjwa kitanda kwa kitanda. Uso wake ni uso wangu. Sauti yake ni sauti yangu, hata kicheko. Huyo ni Doto. Mimi ni Kulwa, niliyetangulia kutoka tumboni.

Nimepona sasa, na nimeombwa na watu wawili watatu wenye wagonjwa nyumbani niwaeleze ilikuwaje. Kuhusu dawa sitasema mengi, wenye kazi hiyo wapo na wanaijua. Nitasema lile ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Kifua kikuu kilinikondesha, kweli, lakini kilichonikosesha raha ni wivu. Kama na wewe umelala hapo unamwangalia mtu mzima wa afya anavyoinama kuokota kitu bila hata kufikiri, na roho inakuuma, basi ujue si wewe peke yako.

Sisi ni Wasukuma. Baba alihama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga tukiwa wadogo, akaweka boma nje ya mji wa Mpanda, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Tulikua tukikimbiza ndama, tukiruka makorongo, tukipanda miti kutafuta matunda ya porini, tukipigana mieleka na wavulana na mara nyingi tukiwaangusha. Hatukujua kwamba yale ni mazoezi. Tulidhani ni kuishi tu. Mama hakuwa na shida ya kututofautisha kwa sababu hakujaribu, aliita "Kulwadoto!" kama jina la mtu mmoja, na yeyote aliyekuwa karibu aliitika.

Nikaolewa na Masele, fundi baiskeli mwenye kibanda chake Shanwe, tukapanga nyumba Kawajense. Nikamzaa Limi, binti yetu. Doto alibaki kwa wazazi. Wachumba walikuja, akawakataa wote, akasema atakayeshindana naye mbio akampita ndiye atakayemuoa. Kila Jumamosi alikuja mjini tucheze netiboli. Kata yetu ilikuwa na timu ya wanawake, wake za watumishi, wauza nyanya, mwalimu mmoja. Mimi nilikuwa senta, Doto wingi. Watu wa timu nyingine walilalamika kwamba hawajui wamkabe nani.

Ugonjwa ulianza mwisho wa kiangazi, wakati wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, hivyo kukohoa hakukunishtua. Kila mtu alikuwa anakohoa. Ila wenzangu waliacha, mimi nikaendelea. Jioni joto linapanda, alfajiri shuka limelowa jasho. Siku moja tuko uwanjani, nina mpira, Doto yuko wazi kabisa, ananipigia kelele, "Kulwa, toa!" Nikavuta pumzi niutupe, pumzi haikuja. Nikabaki nimesimama na mpira mkononi kama nimeokota mtoto wa mtu. Refa akapiga filimbi. Nikatoka, akaingia msichana mwingine, na nilipokaa pembeni nikaona mchezo unaendelea vizuri tu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya kifua.

Mama alileta mizizi, nikanywa. Mama mkwe naye alikuja kutoka Nsemulwa, akaniangalia mifupa ya shingo, akamvuta mwanawe nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa wa udongo, nikasikia kila neno.

"Mkeo kakanyaga waya, Masele. Mrudishe kwao mapema."

Siku hizo ukikonda tu, watu walikuwa wameshakuhukumu kwamba una ukimwi. Asubuhi Masele alifunga mto kwenye keria ya baiskeli, akanipakia, akanisukuma mpaka hospitali huku akitembea, kwa sababu baiskeli ikienda kwa kasi nilikuwa naona kizunguzungu.

Benchi la pale lilikuwa refu, la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Ndipo nilipojifunza kusubiri. Unasubiri kadi, unasubiri kikopo cha makohozi, unasubiri majibu, unaambiwa kesho ulete mengine ya alfajiri, unarudi, unasubiri tena. Nilipokohoa watu walisogea. Nikakohoa tena, wakasogea tena, mpaka nikabaki na nusu ya benchi. Mama mmoja tu wa makamo, mwenye kitenge cha kijani, hakusogea. Naye alikuwa anakohoa.

"Waache wabanane huko," akaniambia. "Sisi tumepata pa kunyooshea miguu."

Alikuwa anaitwa Konsolata, mkulima wa Katumba, wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Majibu yake na yangu yalitoka siku moja, na yalikuwa yale yale. Nesi alituambia: miezi miwili ya sindano na vidonge, tukiwa tumelazwa, kisha miezi sita ya vidonge, tukichukulia kliniki. Tusiache hata tukijisikia wazima. Masele na Limi wakapimwa, wakaonekana hawana kitu. Niliposikia hilo nililia, na ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kulia kwa sababu nzuri.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Nani atamlea Limi? Masele hajui hata kusuka nywele. Nani mwingine kama si Doto? Akaja na mfuko wake wa nguo, akaingia nyumbani kwangu.

*

Sindano ilikuwa asubuhi, ya takoni, leo kulia, kesho kushoto, mpaka pote pakawa pagumu nikawa nalala kifudifudi. Mkojo ulitoka mwekundu kama chai ya rangi, siku ya kwanza nilipiga kelele, Konsolata akacheka, "Hata mimi. Tungekuwa na nguo za kutia rangi tungefanya biashara." Chakula kilinuka chuma. Khanga niliyokuwa najifunga mara moja sasa ilinizunguka mara mbili. Nilikuwa nikijishika paja, vidole vinakutana karibu na goti, nikasema huyu siye mimi.

Jioni ndiyo huyo mwenyewe anaingia.

Nilikuwa namwangalia miguu. Sijui kwa nini miguu. Pengine kwa sababu nilikuwa nimelala, na kitu cha kwanza kinachokuja usawa wa macho ya mtu aliyelala ni miguu ya anayesimama. Vigimbi vyake vilikuwa vimejaa, vina vumbi jekundu la njiani, na alipojinyoosha kuchukua bakuli juu ya kabati vilikaza kama kamba ya ndoo kisimani. Nilivijua. Vilikuwa vyangu mwaka uliopita.

"Kula, Kulwa," alisema.

"Wewe umekula?"

"Nimekula nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akachota uji kwa kijiko, akaupuliza, akanisogezea mdomoni. Nikageukia ukutani.

Konsolata, kitanda cha jirani, alisubiri Doto aondoke.

"Binti, unamwangalia mwenzako kama mtu anayeangalia sahani ya jirani," akasema. "Ingekuwa macho yanashiba, ungeshanenepa."

Nilimchukia kidogo kwa maneno hayo. Nilikuwa namchukia kila mtu kidogo: nesi aliyepanda ngazi huku anaimba, wagonjwa waliotangulia kuruhusiwa, hata kuku wa hospitali waliokimbizana uwanjani bila kuhema.

Mvua za kwanza zikaja. Jirani yetu wa Kawajense, muuza maandazi, alikuja kumwona shangazi yake wodini. Kuniona mimi akashtuka, akaweka mkono kifuani.

"Jamani! Mama Limi, si juzi nimekuona uani kwako unaruka kamba na watoto? Nikakusalimia ukaitika. Nikamwambia mume wangu, yule mwanamke kapona, Mungu mkubwa."

"Huyo ni Doto."

"Lakini nilikuita Mama Limi."

"Akaitika?"

"Akaitika."

Usingizi ulinitoroka. Kumbe kila alasiri watoto wa mtaa mzima walijaa uani kwangu. Doto hakuwa mtu wa kukaa. Akishamaliza kufua na kupika, aliwatoa watoto nje, akawazungushia kamba, akawachorea vyumba chini kwa kijiti wavirukie kwa mguu mmoja, akawatengenezea mpira wa mifuko ya nailoni wacheze rede, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa. Muuza maandazi alinieleza yote haya kama habari njema. Akasema, "Hata Baba Limi siku hizi anafunga kibanda mapema, anakuja kushika kamba upande mmoja."

Masele. Mume wangu, ambaye wakati nacheza netiboli hakuja kutazama, alikuwa anasema jua kali.

Jumapili moja mvua ilikata. Nesi wa zamu alikuwa na mgonjwa mahututi. Nikajifunika khanga kichwani, nikatoka. Kutoka hospitali hadi Kawajense si mbali kwa mtu mwenye mapafu. Mimi nilikaa chini mara nyingi, mara kwenye jiwe, mara kwenye baraza za watu, nikisingizia nafunga kiatu. Na nilipoona paa la nyumba yangu nikasikia kelele za watoto.

Nilisimama nyuma ya ua wa mabua. Doto alikuwa upande mmoja, Masele upande mwingine, Limi katikati na nywele zimesukwa vizuri, anaruka huku na huku. Doto alirusha mpira kwa mkono wa kushoto, kwa hila, Limi akainama ukampita juu. Masele akacheka hadi akashika magoti. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu niugue. Halafu mpira ukampiga Limi mgongoni, akaanguka kwenye tope, akanyanyua mikono na kulia, "Mama!"

Nikafungua mdomo. Pumzi ikatoka bila sauti, kama ile siku ya uwanjani. Doto ndiye aliyefika, akamnyanyua, akamfuta tope kwa khanga. Ilikuwa khanga yangu.

Niligeuka nikarudi. Sikumbuki njia. Nakumbuka nesi akinigombeza, na Konsolata akinivua viatu vilivyolowa bila kuuliza chochote.

Doto alipokuja jioni yake sikumwacha hata akae.

"Umechukua nyumba, umechukua khanga, umechukua mume. Sasa na mtoto anakuita mama. Nikifa utakuwa huna kazi ngumu, watu hata hawatajua nimekufa!"

Doto aliweka kapu chini taratibu.

"Mume wako simjui zaidi ya shemeji," akasema. "Nalala na Limi, mlango tunafunga kwa komeo, muulize hata Limi. Khanga nimevaa kwa sababu zangu ni mbili, moja nimeifua, na ya pili iko hapa, nimekufungia chakula chako." Akainama, akafunua kapu. "Kuhusu Limi, wiki ya kwanza alikuwa anakuita wewe usiku. Anaita, anaita. Nikamwambia mama yuko hospitali, akazidi. Siku ya nne nikaitika. Akalala. Ungenifundisha la kufanya, Kulwa, ningefanya hilo."

Usidhani wivu uliisha. Ulizidi. Ukimwonea wivu mtu mbaya unapata nafuu, unamtukana unatulia. Kumwonea wivu mtu ambaye kila siku anakuletea ugali na dagaa kwa miguu kwenye mvua, hapo huna pa kuupeleka.

*

Niliruhusiwa miezi miwili ilipotimia, katikati ya mvua. Kikohozi kilikuwa kimekwisha, uzito umeanza kupanda, lakini sindano ziliniachia kitu ambacho sikukitegemea: mwendo wa mlevi. Nikigeuka ghafla nyumba inageuka nami. Gizani siwezi kusimama bila kushika ukuta. Masele alinishusha kwenye baiskeli mbele ya mlango, na Limi akatoka mbio, akasimama. Akaniangalia mimi, akamwangalia Doto. Uso mmoja, mmoja umekonda, mmoja umejaa. Akaenda kujificha nyuma ya miguu ya Doto.

"Msalimie mama," Doto alimwambia, akimsukuma polepole.

"Shikamoo," Limi akasema, kama anavyomwambia mgeni.

Doto ilibidi abaki. Mimi nisingeweza kubeba hata ndoo ndogo. Mama mkwe alikuja na kikombe cha plastiki cha njano, akasema hicho kiwe changu peke yangu. Doto akakichukua kikombe hicho, akakinywea maji mbele yake, akamaliza, akakirudisha kabatini pamoja na vingine. Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu kwamba hata ujasiri ulikuwa wake.

Kliniki, nesi alisikiliza kifua changu akaridhika, kisha akaniuliza nafanya nini mchana kutwa.

"Nalala. Naumwa."

"Ulikuwa unaumwa. Sasa umedhoofika, na kulala hakukurudishii nguvu. Tembea. Cheza. Mwili wote uutumie, mikono, miguu, pumzi. Polepole, lakini kila siku."

Nikaanza kutembea na Doto alasiri, kuelekea upande wa reli. Alijitahidi kupunguza mwendo, maskini. Alikuwa anatembea kama mtu anayechunga kinda la bata. Hata hivyo alitangulia, anasimama kunisubiri, nami nikimfikia nahema, yeye hajahema. Siku ya tatu nilimwambia aende zake. Nilikaa barazani nikanuna.

Uani watoto walikuwa wanaruka vile vyumba vilivyochorwa chini. Limi alikuwa mdogo kuliko wote na alikuwa wa mwisho kila mara. Wakubwa walimtoa kwenye zamu, akaja kusimama karibu yangu, mdomo umevimba. Mtu wa pili mwenye kununa. Tukatazamana.

"Wewe unaweza?" akaniuliza.

"Siwezi. Nitaanguka."

"Hata kimoja?"

Nikainuka kwa sababu alikuwa amenishika kidole. Nikanyanyua mguu mmoja. Ardhi ikaondoka, nikaanguka kwa makalio kwenye vumbi, na watoto wote wakanyamaza kwa hofu. Limi ndiye aliyecheka. Alicheka hadi akakaa chini na yeye. Kisha akanionyesha: mguu huu hivi, mikono fungua hivi, macho angalia pale kwenye mti, usiangalie chini. Alijua. Doto alikuwa amemfundisha, lakini Limi mwenyewe hakuwahi kupata mtu wa kumfundisha.

Tangu hapo, wakubwa wakiwa na kamba yao, sisi tulikuwa na pembe yetu ya uwanja. Limi alinishinda kwa kila kitu. Alinishinda kusimama kwa mguu mmoja, akanishinda kutembea juu ya gogo lililolala nyuma ya choo, akanishinda mbio kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya kuanikia. Kwa Doto alikuwa wa mwisho siku zote. Kwangu alikuwa bingwa. Na mtoto gani atamwacha mtu anayemfanya bingwa? Jioni moja, bila kuambiwa, akaniita mama. Alikuwa anataka nimshikie kiatu. Nilikishika kwa mikono miwili.

Kama unaanza leo, anza na watoto. Watu wazima watakuonea huruma, na huruma inachosha kuliko mbio. Mtoto hakuhurumii. Anakwambia umeshindwa, rudia.

Miezi ikaenda kwa pakiti za vidonge. Mahindi yalipokuwa ya kuchoma niliweza kuvuka gogo bila kushika kitu. Yalipokauka, niliruka kamba mpaka watoto wananihesabia kwa sauti. Sikushikilia zoezi moja tu. Leo nilirusha mpira mpaka bega likauma, kesho nilibeba ndoo nusu kutoka kisimani, keshokutwa tulipanda na Limi kwenye kichuguu kikubwa na kushuka kwa makalio. Kwanza pumzi ilirudi. Kisha mapaja yakaijaza khanga. Vigimbi vilichelewa kuliko vyote. Nilikuwa najishika kila nikioga, na sina aibu kusema kwamba kila nikijishika nilikuwa napima na vya Doto.

Alasiri moja tulicheza rede watu wazima na watoto pamoja. Nilikuwa katikati, Doto akarusha kwa mkono wa kushoto, ile hila yake. Nikaijua. Ni mimi niliyemfundisha tukichunga. Nikachutama ukapita. Watoto wakapiga kelele, Masele akasema, "Haya sasa, Mama Limi!" na wakati huu hakuna aliyekosea ni nani anaitwa.

Nilitazama uso wa Doto. Alikuwa anacheka, lakini Limi alikuwa amenirukia mimi shingoni, si yeye, na Doto alibaki na mikono mitupu mbele, kama mtu aliyejiandaa kupokea mzigo ukapelekwa kwingine. Nilikijua kile nilichokiona usoni mwake. Nilikuwa nimekivaa miezi yote ile.

Nilipomeza kidonge cha mwisho kliniki na nesi akaniambia makohozi ni safi, Doto alikuwa ameshafunga mfuko wake.

"Kaa mpaka mwisho wa mwezi," Masele akamwambia.

"Hapana, shemeji. Wazee wako peke yao na ng'ombe." Kisha akanigeukia, kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma. "Nikikaa zaidi nitashindwa kuondoka."

Nilipaswa kumbembeleza. Nilimsaidia kubeba mfuko hadi njiani.

Nyumba ikawa yangu. Nilipika kwenye sufuria zangu, nilivaa khanga zangu. Na Limi akaacha kula. Alikaa mlangoni upande wa barabara. Nilimchorea vyumba, hakuruka. Nilijiangusha makusudi, hakucheka.

"Namtaka mama mdogo," akasema.

Roho ikaniuma pale pale pa zamani. Nikasema moyoni, nimerudi kutoka kaburini na bado natafutiwa mwingine. Siku mbili nilimwacha anune. Siku ya tatu Masele, aliyekuwa anaziba pancha uani, akasema bila kuinua macho, "Baiskeli ya mteja nitamaliza mchana. Niwapeleke?"

"Hapana," nikasema. "Tutakwenda kwa miguu."

Tuliondoka asubuhi, kiangazi kimeingia, njia imekauka. Limi alitembea mpaka nje ya mji, kisha akachoka, nikamfunga mgongoni. Alikuwa mzito, mtoto mwenye afya. Nilitembea kwenye mchanga, nikapanda vilima, nikavuka korongo kwa kuruka mawe na yeye mgongoni, mikono nimeifungua, macho kwenye mti ng'ambo. Nilipumzika mara moja tu, na ni kwa sababu yeye alitaka maji. Jasho lilinitoka, si lile la alfajiri kwenye shuka; hili lilinukia jua.

Doto alikuwa zizini na mama, wanatenganisha ndama. Limi alianza kuhangaika mgongoni, nikamfungua, na alipogusa chini alikimbia bila kugeuka nyuma. Doto alimdaka, akamrusha juu, akamdaka tena. Mimi nilisimama langoni.

Aliponiona akamshusha mtoto. "Masele yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Nyie mmekuja na nini?"

"Na miguu."

"Umembeba?"

"Nimembeba."

Akaja, akainama kama baba anavyokagua ng'ombe mnadani, akanishika vigimbi vyote viwili kwa nguvu. Aliegemeza paji la uso wake kwenye goti langu, akakaa hivyo kidogo, na mama akajifanya anamtafuta ndama aliyekuwa mbele yake.

Nililala pale siku moja. Asubuhi Limi alikuwa tayari yuko nje na Doto, wanapanda mti wa nyuma ya boma. Nilikuwa nimekuja na nia ya kurudi naye. Nikawatazama, mmoja anasukuma, mmoja anavuta.

"Akae kwako mpaka wakati wa kupanda," nikamwambia Doto.

Alibaki ameshika tawi. "Una hakika?"

"Usiniulize mara mbili."

Limi alinipungia mkono kutoka juu ya mti, upesi upesi, akaendelea kupanda.

Nilirudi Kawajense peke yangu. Sitakudanganya kwamba moyo ulikuwa mweupe. Njia nzima nilimwona Doto akimsuka nywele, akimpulizia uji, akiitikia jina langu, na niliona wivu kutoka boma la baba hadi kwenye reli. Lakini nilikuwa natembea haraka, mikono inarushwa, kifua kinapanda na kushuka bila kukwaruza. Ulikuwa wivu wa mtu mzima.